Saini ya Mkunga

Kalamu nyekundu ilikuwa yangu. Ilining'inia kwa uzi kwenye msumari kando ya dirisha la mapokezi, na hata daktari alipoitaka alikuwa akiniomba. Saa moja na nusu asubuhi niliishusha, nikaweka rula juu ya daftari la mahudhurio, nikapiga mstari. Mtumishi aliyesaini juu ya mstari amewahi, aliyesaini chini yake amechelewa, na ambaye hakusaini kabisa, huyo hayupo. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, nina kidato cha nne na mwandiko mzuri, na kiburi nilichokuwa nacho kwa sababu ya kalamu ile kingetosha watu watatu.

Kituo chetu cha afya kilikuwa kwenye barabara ya vumbi itokayo Itigi kwenda Mitundu. Mimi nilikuwa karani wa mapokezi. Kadi zote za wagonjwa zilipita mikononi mwangu. Nilizipanga kwa vijiji ndani ya makasha ya sabuni, maana makabati tuliyoahidiwa hayakufika, na niliweza kuitoa kadi ya mtu kabla hajamaliza kusalimia. Nilidhani kutunza taarifa ndiyo hiyo, kujua karatasi iko wapi. Kwamba karatasi yenyewe inaweza kusema uongo, na aliyeifundisha uongo ni mimi, hilo nilikuja kulijua baadaye.

Zilikuwa zile siku za ruksa, biashara ilipoachiwa huru. Maduka niliyoyakuta matupu nikiwa shuleni sasa yalijaa vitu, mitumba ilimwagwa chini kila gulio, na watu binafsi walikuwa wameanza kufungua zahanati zao mjini Singida. Kwetu wagonjwa waliambiwa wachangie, na mjamzito aliyekuja kujifungua alitakiwa aje na glavu zake, wembe wake na uzi wake. Halafu ikasemwa wafanyakazi wa serikali ni wengi mno. Wengi wapi, tulijiuliza, maana sisi tulikuwa hatutoshi hata kugawana zamu. Lakini panga lilipita hata hivyo. Liliondoka na mkunga mmoja kati ya wawili na mhudumu mmoja wa wodi, na likaacha neno kwamba litarudi.

Hapo ndipo uvumi ulipoanza. Sijui ulitoka wapi. Tulisikia kwamba orodha ya pili itatengenezwa kwa kuhesabu ED, yaani zile karatasi ambazo daktari humwandikia mtumishi mgonjwa apumzike. Mwenye ED nyingi ndiye atakayeondoka kwanza. Hakuna aliyeonyeshwa barua, hakuna aliyeuliza, na wala daktari wetu hakutuita kutuambia ni kweli au si kweli. Nadhani naye aliogopa kuuliza. Basi watumishi wa afya tukaacha kuugua, au niseme tukaacha kuandikwa. Mtu mwenye malaria alikunywa klorokwini kwenye korido, akaenda kutetemekea stoo ya mashuka. Ukutani, juu ya kichwa changu pale mapokezi, palikuwa na bango la elimu ya afya: Mficha maradhi kifo humuumbua. Tulilisoma kila siku, na tulijua kabisa kwamba ni la wagonjwa.

Kusainiana kulianza kwa msiba. Mhudumu wa wodi aliyebaki, mama mmoja mtu mzima tuliyemwita Mama sote, alifiwa na kaka yake huko Shelui. Alikwenda kuzika, mvua ikakata njia, akachelewa siku mbili kurudi. Nilikaa mbele ya daftari asubuhi ya kwanza na kalamu yangu mkononi, nikatazama nafasi yake iliyo wazi, roho ikaniuma. Nikamsainia. Saini yake ilikuwa rahisi, alama tatu za mtu aliyejifunzia kusoma ukubwani. Aliporudi aliniletea kuku. Baada ya hapo neno "nisainie" likawa neno la kawaida pale kituoni kama "niazime ndoo". Sikumkatalia mtu. Nilijiona mimi ndiye niliyekuwa nikiwakinga wenzangu na panga, na kwa kweli niliwapenda, hilo sitalikana hata leo.

Aliyenipa kazi ngumu kuliko wote alikuwa mkunga. Saini yake ilikuwa na mkia mrefu unaorudi nyuma na kujipitisha katikati ya herufi, kitu cha kujidai hasa. Nilimwita dada. Alikuwa amenizidi miaka kumi, mwanamke mrefu asiyecheka ovyo, na tangu mwenzake apunguzwe alikuwa akifanya kazi ya watu wawili. Alizalisha, akafua vifaa, akavichemsha, akarudi kuzalisha. Jumatano, siku ya gulio, ikiwa zamu yake imekwisha, aliuza mitumba ya watoto chini ya turubai. Watumishi wote tulikuwa na miradi siku hizo. Nimemkuta mara mbili amelala amekaa, mkono wake uko kwenye tumbo la mama anayesubiri uchungu. Mama wa watu hakutikisika, asije akamwamsha.

Jumamosi moja mchana aliniita kwake kwa kumtuma jirani. Nilimkuta sakafuni. Alikuwa na mimba ya miezi minne ambayo hakuna aliyeijua zaidi ya mumewe, dereva wa lori aliyekuwa safarini, na mimba ile ilikuwa imetoka. Nilifua, nikapika uji, nikazika kilichopaswa kuzikwa nyuma ya nyumba. Nililia kuliko yeye. Nilipomwambia nakwenda kumwita daktari alinishika kanga.

"Usimwite."

"Dada, umepoteza damu nyingi."

"Damu naijua mimi kuliko yeye. Nimejikagua, imetoka yote. Akija ataandika. Akiandika ni ED ya wiki mbili. Na kesho kutwa kila mtu atajua. Nitamwambiaje mama mwingine sukuma, huku wananitazama hivyo?"

"Sasa nifanye nini?"

"Nisainie siku tatu. Alhamisi nitarudi."

Jumatatu nikamsainia. Jumanne nikamsainia. Siku hizo mbili hakuja mtu wa kujifungua, nami nikashukuru Mungu kana kwamba yeye pia alikuwa ameingia kwenye mpango wetu.

Jumatano asubuhi nilikuwa nimemaliza kupiga mstari wangu daktari alipokuja dirishani amevaa koti la safari. Gari la chanjo lilikuwa limefika kutoka wilayani bila kutarajiwa. Alitaka kwenda nalo vijijini, na alitaka amchukue muuguzi wa kliniki ya watoto. Sasa, muuguzi huyo ndiye mtu pekee mwingine aliyeweza kuzalisha. Daktari alilijua hilo. Ndiyo maana alilivuta daftari kwake, akapitisha kidole juu ya majina, kikasimama kwenye ule mkia mrefu.

"Mkunga yupo?"

Ningeweza kusema pale pale. Tulikuwa wawili tu, na hakuwa mtu mbaya. Lakini saini ilikuwa imeshakauka, na mimi nilikuwa nimeshaizoea kazi yangu.

"Yupo," nikasema.

Wakaondoka. Saa tatu na nusu hivi wakaingia wanawake wawili, bibi mmoja na mke wa mwanawe. Walikuwa wametembea tangu alfajiri. Binti alikuwa akishika ukuta, anasimama, anainama, anatembea tena. Bibi alikuwa na mfuko wenye glavu, wembe na uzi, kila kitu kama tulivyoagiza. Alikuja dirishani, nikamwamkia shikamoo, akaitikia haraka haraka kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kinyaturu. Akauliza lile lile.

"Mkunga yupo? Maana kama hayupo, lori la magogo liko pale barabarani linakwenda Itigi. Dereva amekubali kutusubiri kidogo."

Kule Itigi kulikuwa na hospitali. Naandika sentensi hii miaka mingi baadaye, na mkono bado unakuwa mzito.

Nyuma ya bibi, benchi zima lilikuwa na watu wanaosikiliza. Nilifikiri, mkunga yuko nyumbani, ni mwendo wa robo saa, namtuma Mama wa wodini akamwite, atajikaza atakuja, hakuna atakayejua. Nilifikiri yote hayo kwa muda wa kufungua kinywa.

"Yupo. Kaeni hapo benchi, anakuja."

Bibi akatoka nje akampungia mkono dereva aende zake. Nilisikia lori likiwaka.

Mama alikwenda mbio kumwita mkunga, akamkuta amelala, homa inamchemsha. Mkunga alipoambiwa aliinuka, akaanguka, akainuka tena. Njiani walipumzika mara tatu. Mimi huku nilikuwa nimemwingiza binti wodini, nikamlaza, nikamshika mkono, sijui la kufanya, maana kwa mambo ya kuzaa nilikuwa karani tu. Mtoto alitanguliza miguu. Bibi alinitazama akaniuliza tena, "Huyo anayekuja anakuja lini?" Nikamwambia sasa hivi. Nikamwambia hivyo mara nyingi.

Mkunga aliingia saa tano, amejifunga kanga mbili, midomo imepauka. Hakumsalimia mtu. Alinawa, akavaa zile glavu zilizoletwa na bibi. Mtoto alitoka akiwa hana pumzi, na pumzi aliyopuliziwa hakuipokea. Mama yake alivuja damu vibaya, na mkunga aliizuia damu ile kwa mikono yake miwili, yeye mwenyewe akiwa anavuja. Nilisimama mlangoni nikaona damu ya wanawake wawili kwenye sakafu moja, na mmoja tu ndiye aliyejulikana kuwa mgonjwa. Binti akapona. Mtoto alikuwa wa kiume.

Malalamiko yalifika wilayani kabla ya wiki kwisha. Katibu wa kijiji aliandika kwa niaba ya baba wa mtoto, barua fupi ya haki kabisa. Daftari likaitwa likasomwa. Mkunga alisaini kabla ya saa moja na nusu, akaonekana wodini saa tano. Alikuwa wapi? Jumatano, gulio. Hakuna aliyehitaji kuambiwa zaidi. Mpaka jioni kila mtu alishajua kwamba mkunga alikuwa akiuza mitumba ya watoto huku mtoto wa mwenzake anakufa. Wapo walioapa kwamba walimwona. Mmoja alisema alinunua kwake kofia.

Likaja neno kwamba watu watatu watatoka wilayani kuja kuchunguza, na kwamba kinachotafutwa si kumhamisha bali kumfutia leseni. Ukimfutia mkunga leseni hata zahanati ya mtu binafsi haimpokei. Anabaki na turubai lake la gulioni, na kila mama anayepita na mimba anamwonyesha kidole.

Watumishi tulikutana kwenye stoo ya mashuka. Sitawasema vibaya, walikuwa na watoto na wazee nyuma yao. Walisema tukifungua kinywa tunakwenda wote, maana karibu kila mmoja wetu alikuwa na siku yake mle daftarini. Walisema mkunga atasimamishwa tu kisha atarudi. Mmoja akanishika bega akaniambia, "Wewe ulifanya kwa wema, na wema hauchongelewi." Nilitoka mle nikiwa na hasira ambayo sikujua niitue wapi. Wema gani huu ambao hauwezi kusimama mchana ukajitaja jina?

Nikaenda kwa mkunga. Alikuwa ameketi kitandani anakunja vinguo vya mitumba, anavipanga kwa ukubwa.

"Nitasema," nikamwambia.

"Usiseme."

"Dada, wanakufutia leseni."

"Ukisema watauliza niliumwa nini. Na wewe watakuondoa. Mimi nina mume. Wewe una nani?"

"Ugonjwa wako sitautaja. Ni wako. Nitataja mkono wangu tu."

Akaendelea kukunja. Akafika kwenye soksi, zile ndogo kuliko zote, akaziweka chini. Akasema, "Mdogo wangu, yule mtoto alikufa kwa sababu mimi sikuwepo. Hata ukisema, hilo halitabadilika."

"Alikufa kwa sababu nilisema upo," nikamjibu. "Usininyang'anye."

Akaziokota zile soksi, akaanza kuzikunja, nami nikatoka. Kesho yake niliazima baiskeli nikaenda kijijini kwa yule bibi. Nilitaka wao walisikie kwanza, kabla ya watu wa wilayani. Nilimkuta anapepeta uwele uani. Nikapiga magoti nikamwamkia, nikampa pole, nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, ungo uko mapajani. Aliniuliza swali moja.

"Uliponiambia yupo, ulikuwa unajua kwamba hayupo?"

"Nilijua."

Akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Nilikaa pale uani mpaka nilipoona kuku wananizoea, ndipo nikapanda baiskeli.

Watu wa wilayani walikaa kwenye chumba cha daktari, watatu nyuma ya meza, katikati ofisa utumishi mwenye miwani, mbele yake daftari langu. Watumishi tulikaa kwenye mabenchi ya wagonjwa. Wakamwita mkunga. Akaulizwa alikuwa wapi tangu saa moja na nusu. Akasema, "Sina la kusema." Ofisa akaandika. Akaulizwa kama saini ni yake. Akarudia maneno yale yale. Ofisa akaandika tena, na nilipoona kalamu yake inakwenda kwa raha namna ile, karatasi nyingine inayojazwa kitu ambacho siyo, nikasimama bila kuitwa.

"Saini hiyo ni yangu."

Ofisa aliinua miwani. "Wewe ni nani?"

"Karani wa mapokezi. Siku tatu hizo, Jumatatu, Jumanne na Jumatano, nilimsainia mimi. Alikuwa mgonjwa nyumbani. Daktari aliniuliza kama yupo, nikamwambia yupo. Bibi mwenye mkwe wake aliniuliza, nikamwambia yupo. Mkunga hakuondoka kazini. Aliitwa kitandani, akaja."

Ofisa alikuwa mtu wa kazi, si wa kudanganyika. Akafungua kurasa za nyuma, akalinganisha, akatikisa kichwa.

"Binti, unamtetea rafiki yako. Saini hizi zote ni za mkono mmoja."

"Nipe karatasi."

Akanisukumia karatasi na kalamu yake. Nikainama nikaandika saini ya mkunga, mkia na kila kitu, mara moja, bila kutazama daftari. Karatasi ikapita kwa watatu wote. Kisha ofisa akamnyooshea mkunga. Mkunga aliitazama kwa muda mrefu. Sikuwa nimewahi kumwonyesha.

"Hii ni nzuri kuliko yangu," akasema, na hapo ndipo machozi yalipomtoka kwa mara ya kwanza, mbele ya watu wote.

"Aliumwa nini?" ofisa akaniuliza.

"Sisemi."

"Hili ni baraza la uchunguzi."

"Nachunguzwa mimi niliyesaini. Ugonjwa wake hauko kwenye daftari langu."

Nilidhani atafoka. Badala yake akauliza kwa nini basi mgonjwa huyo hakuomba ED kama watumishi wengine duniani. Nikamwambia hapa petu hakuna anayeomba, tunaogopa, kwa sababu wilayani mnazihesabu ili mtupunguze.

"Nani alikwambia tunazihesabu?"

Nikageuka nikatazama mabenchi. Kila mtu alikuwa anatazama mwenzake. Hakuna aliyejua aliisikia kwa nani.

"Hatujawahi kuhesabu ED," akasema ofisa polepole. "Hata siku moja."

Nina ulimi ambao mama yangu aliuombea sana dua. "Basi mngetuambia," nikasema. "Barua moja tu mngetuandikia. Mnatuma barua za kutupunguza zinafika, hiyo isingefika?"

Mmoja wa wale watatu akakohoa. Ofisa hakuinua kichwa, lakini aliandika, na safari hii aliandika polepole. Ndipo nikasikia benchi linalia nyuma yangu. Mama mhudumu alikuwa amesimama, ameshika mikono mbele kama mtu anayesali. "Na mimi alinisainia," akasema. "Nilipokwenda kuzika. Mficha uchi hazai, wanangu. Semeni." Akafuata muuguzi wa kliniki ya watoto, akafuata mtu wa dawa. Hawakusimama wote. Mwisho daktari wetu akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye ndiye mkuu wa kituo, na hakuwahi kwenda kumtazama mkunga wodini asubuhi hata siku moja, aliishia kwenye daftari.

Mkunga alibaki na leseni yake, pamoja na barua ya onyo na likizo ya mwezi mzima ya kulala tu. Mimi nilipewa barua kali iliyoingia kwenye jalada langu na ambayo imo mpaka leo, nikatolewa mapokezi, nikapelekwa kufua mashuka. Nilifua mwaka mzima na miezi. Mikono iliota sugu, mwandiko ukaharibika, na wapo waliopita wakanicheka, karani mzima kwenye beseni. Niliwaacha wacheke. Nilikuwa nimeazimia jambo moja, kwamba sitahama, sitaacha kazi, na nitabaki pale mpaka mtu yeyote akiuliza nani yupo na nani hayupo apate jibu la kweli.

Wiki ile ile ya kwanza ya kufua nilimfuata daktari na wazo langu huku nina povu mikononi. Nilitaka daftari jipya la watumishi wagonjwa. Liandikwe jina, siku, na nani anashika nafasi yake, basi. Ugonjwa wenyewe usiandikwe mle, ukae kwenye bahasha, kwenye droo ya daktari yenye ufunguo. Na asubuhi, kabla ya kusaini, tusimame wote koridoni kila mtu aseme mwenyewe hali yake. Daktari alilikubali daftari siku ile ile. La koridoni lilimchekesha, akaona ni mambo ya shule. Nilimfuata tena, na tena, mpaka akachoka. Siku ya kwanza watu walisimama kwa aibu kama maharusi. Daktari akasema, "Nipo, naweza." Muuguzi akasema, "Nipo, naweza." Zamu ikafika kwa Mama. Akasema, "Nipo, ila mgongo umekataa tangu juzi," na akaambiwa arudi akalale, jina lake likaandikwa mbele ya watu wote wakiona kwamba mbingu haikuanguka. Wiki ya pili mkunga aliporudi kutoka likizo alisimama mwisho wa mstari. Alisema nipo. Kisha akaongeza, "Nusu siku naweza." Muuguzi wa kliniki akainua mkono kuchukua nusu iliyobaki.

Niliporudishwa mapokezi nilikuta kalamu nyekundu bado iko kwenye msumari wake, wino umekauka.

Haikupita miezi mingi, asubuhi moja baada ya mavuno, kivuli kikaziba dirisha. Nikainua macho. Alikuwa yule bibi, na nyuma yake mke wa mwanawe, tumbo liko juu, ameshika mfuko wa glavu na wembe. Nilisimama nikamwamkia. Aliitikia, lakini hakunipa pole na kazi wala kuniuliza habari za siku nyingi. Barabarani palikuwa na lori, dereva wake kaegemea mlango, anavuta sigara.

"Mkunga yupo?" akauliza.

Nilimwona mkunga kwa macho yangu saa moja asubuhi. Nilimsikia akisema nipo, naweza. Jina lake lilikuwa daftarini mbele yangu kwa mkono wake mwenyewe, ule mkia unaojidai. Lakini sikujibu. Niliweka kalamu chini, nikatoka kwenye chumba changu, nikatembea korido nzima mpaka wodini. Mkunga alikuwa anapanga vifaa kwenye trei. Akashangaa kuniona.

"Vipi?"

"Nakutazama," nikasema, nikamgusa mkono, nikarudi.

Bibi alikuwa amesimama pale pale nilipomwacha. Macho yake yalikuwa yamenifuata kwenda na yakanifuata kurudi.

"Yupo," nikamwambia. "Nimetoka kumwona."

Alinitazama bila kupepesa.

"Ungenijibu ukiwa umekaa," akasema, "tungepanda lori."

Kisha akageuka, akampungia mkono dereva aende zake, akamshika mkwe wake mkono, wakaingia ndani.